Zizi Lililoloweshwa

Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye kidole changu, likasimama.

Hicho ndicho kitu nilichokiona kwanza. Nilikuwa nimeingia kwenye zizi la juu, zizi la baba mkwe wangu, kutandika majani makavu, maana kesho yake lango la kilima lingefunguliwa na mitamba wapya, walio karibu kuzaa, wangeletwa. Nilitoka kunawa bombani na mikono yangu ilikuwa bado na maji. Tone likaanguka kwenye sakafu ya saruji. Badala ya kutawanyika likakaa pale, duara, linang'aa, kama umande juu ya jani la gimbi.

Nikachuchumaa. Nikakung'uta mkono tena. Matone mengine yakaanguka, nayo yakasimama, kila moja peke yake.

Saruji iliyotakata hunywa maji. Nikapitisha kidole. Kikateleza, kidogo tu, kama kinavyoteleza ndani ya kibuyu cha maziwa kilichopitishiwa maji matupu.

"Wifi!"

Gwantwa, dada wa mume wangu, alikuwa amesimama mlangoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake.

"Kesho kaka yangu anarudi, na wewe unabembeleza sakafu! Njoo nikusuke. Au unataka akukute hivyo, adhani tumemsimamishia sanamu ya kufukuza ndege?"

"Nakuja."

"Umesema nakuja tangu jua liko kwa majirani."

Nilitazama tena yale matone. Bado yalikuwa yamesimama.

*

Mume wangu, Lusajo, ni dereva wa lori la maziwa. Siku homa ya povu ilipoingia kwetu Ibumba, yeye alikuwa bondeni na lori. Lango likafungwa yeye akiwa nje na mimi nikiwa ndani.

Homa ile huua ng'ombe. Hutoa povu mdomoni, magoti yakalegea, akalala asiinuke. Mtu haugui, ila huibeba kooni bila kujua, akaipeleka kwa mifugo ya wengine kwa pumzi tu. Ndiyo maana walituzungushia pazia. Pazia ni ukungu wenye umeme unaosimama kutoka ardhini hadi juu ya miti, kukizunguka kilima chote. Chochote chenye uhai kinachopeperushwa na upepo hufia humo. Simu nazo hufia humo, kwa hiyo hatukuweza kupigiana.

Kilichobaki ni spika ya lango, inayopita kwenye waya chini ya ardhi. Ukisema, sauti hutoka kwa nguvu upande wa pili, na kwa sheria hutoka kwa nguvu upande wako pia, ili Bwana Mifugo kule nje na watu wote wasikie kwamba hakuna anayepanga kutoroka. Kila Jumapili baada ya ibada Lusajo alikuja kusimama nyuma ya pazia. Nilimwona kama kivuli tu, na lori lake kama kivuli kikubwa.

"Mke wangu, hujambo?"

"Sijambo. Baba hajambo. Gwantwa hajambo."

"Una neno jingine?"

Nyuma yangu kilima kizima kilikuwa kimetega masikio, wengine wameleta na vigoda.

"Sina," nilijibu kila mara.

Kisha nilipanda kurudi nyumbani na maneno yangu yote kifuani.

*

Niliondoka zizini, sikwenda kusukwa. Nilikwenda kwenye jengo la zamani la kukusanyia maziwa, anakokaa Mratibu. Gwantwa alinifuata akinilalamikia njia nzima.

Mratibu ni mashine, umbo lake kama kabati. Ndiye anayewaongoza konokono, zile mashine zenye matumbo laini zinazotambaa kwenye sakafu na kuta za mazizi. Kabla ya Mratibu, kila mtu alisafisha alivyojua. Mmoja alimwaga dawa juu ya mavi. Mwingine alianzia mazizi ya bondeni, na maji machafu ya kilimani yakamfuata. Homa ikawa inazunguka tu. Kwa hiyo ikatungwa sheria: mpango mmoja kwa kilima kimoja, kuanzia juu kwenda chini, kwa maneno machache yasiyobadilika. Na sauti moja tu ya kuyasema, ili amri zisigongane.

Sauti hiyo ni yangu. Shule niliiachia darasa la tano, lakini Mratibu hasomwi, husemeshwa. Wazee walinichagua kwa sababu nimeolewa kutoka nje na sina ugomvi na mtu. "Huyu hata haongei," mwenyekiti alisema. "Atabishana na nani?"

"Mratibu," nikasema, "nisomee mpango wa zizi la juu."

"Mpango umekamilika," akajibu kwa sauti yake isiyo ya mwanamume wala mwanamke. "Ondoa. Kwangua. Suuza. Suuza. Kausha. Puliza."

"Suuza imerudiwa?"

"Ya kwanza ulisema lowesha. Lowesha haimo kwenye maneno ya kazi. Nililiweka kwenye neno lililo karibu nalo."

Nikatazama nje, kuelekea mazizi ya chini.

"Na mazizi mengine?"

"Ulisema lowesha kila zizi. Kilima chote."

Kitana cha Gwantwa kilikuwa kimefika mkononi mwake. Akakishika hivyo hivyo hewani.

"Hii mashine haina mkwe," akasema polepole.

Kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Wala hataji neno linaloanza kama jina hilo. Kila mke ana maneno yake ya kukwepea, na watu humwelewa. Jirani yetu Mama Anyisile, ambaye mkwe wake aliitwa Ndimbumi, hajasema "ndizi" tangu aolewe. Husema "za mgombani", na sokoni hupewa ndizi bila kuulizwa. Mimi nililowesha vyombo, nikalowesha nguo, nikalowesha watoto wa majirani miguu. Siku nilipomwagiza Mratibu, nusu ya kilima ilikuwa imesimama pale, Gwantwa akiwemo. Niliposema lowesha wote waliitikia kwa vichwa. Masikioni mwao nilikuwa nimesema sawasawa.

"Baba anaitwa Osea," Gwantwa alisema, kama anayehesabia mtoto, "na neno ni osha. Osha, wifi! Kwa sabuni! Kabati hili limemwaga maji matupu kilima kizima."

"Ndiyo."

"Na dawa ikapulizwa juu ya mafuta."

"Ndiyo."

Bwana Mifugo alitufundisha kupitia spika: dawa ikikuta mafuta na mavi hujimaliza hapo hapo, isiifikie homa iliyo chini yake. Sabuni ndiyo huifungulia mlango. Bila sabuni, dawa inapiga hodi tu.

"Lakini kipimo cha homa kimepita," Gwantwa alisema. "Jana kimelamba kila sakafu na kunusa kila kona, kikasema safi."

"Kililamba juu ya mafuta."

"Wewe umejuaje?"

"Maji yamesimama."

"Maji yamesimama!" Alijipiga mapaja. "Umeona tone. Kwani tone ni daktari? Watu wameshapika, wifi. Mama Anyisile amechinja jogoo wake wa mwisho. Utaenda kumwambia nini, jogoo avae manyoya arudi bandani?"

Nilikuwa nawaza mitamba wakilala zizini kwa mara ya kwanza. Matumbo yao yana joto. Sakafu itapata joto, mafuta yatalainika, na homa iliyolala itaamka. Kabla povu halijaonekana, maziwa yatakuwa yamepakiwa kwenye lori, na sisi wenyewe tutakuwa tumeshuka sokoni na pumzi zetu. Kituo cha kwanza cha lori ni nyumbani kwa mama yangu. Ana ng'ombe mmoja, Sekela. Humkamua akimwimbia, na sisi watoto tulilelewa kwa maziwa ya Sekela na ya ng'ombe aliyemzaa.

"Ukifuta mpango," Gwantwa alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, "tunaanza upya. Na masika ndiyo hayo yananyesha. Sakafu gani inakauka Ibumba wakati wa masika? Lango halifunguliwi mpaka mvua ziishe. Unajua hilo?"

"Najua."

"Na mwenyewe unalala umelikumbatia koti la kaka yangu. Unafikiri ukuta ule wa mbao hauoni?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Koti lile Lusajo aliliacha msumarini asubuhi ile aliyoshuka, kwa sababu jua lilikuwa limetoka. Mwanzoni lilikuwa na harufu yake yote, ya dizeli na moshi na sabuni ya magadi. Siku hizi nililazimika kuizika pua kwenye kola ili niipate kidogo. Nilijua kwamba masika yakiisha, kola nayo itakuwa nguo tu. Kesho angeingia mlangoni mwenyewe, nami nisingehitaji koti. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Nilikaa juu ya kopo la maziwa lililopinduliwa. Gwantwa alinitazama, halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alilisogelea kabati, akaweka mikono kiunoni.

"Osha!" akapaza sauti. "Osha kilima chote, we kabati!"

"Sauti haijasajiliwa," Mratibu akasema.

"Mshenzi!"

"Gwantwa," nikasema, "si ulitaka ninyamaze?"

"Nilitaka. Bado nataka." Akajifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Lakini sitaki uniangalie kwa macho hayo mpaka nizeeke."

Nikasimama. "Mratibu, nataka kufuta mpango."

"Kufuta mpango uliokamilika, mwenye sauti ataje neno la kazi lililokosewa, na jina la mwenye zizi la kwanza."

Zizi la kwanza ni lile la juu kabisa, kwa sababu maji hushuka. Mpaka siku ile nilikuwa nimeliita zizi la juu, na Mratibu hakuwa ameuliza zaidi.

Nje, mtu akakohoa.

*

Kikohozi kile nakijua. Baba mkwe wangu hukohoa kabla ya kukata kona yoyote, ili mimi nipate nafasi ya kupisha na kujitanda khanga. Tumeishi ua mmoja tangu niolewe. Namjua kwa viatu vyake vya mpira, kwa kofia yake, kwa jinsi anavyoliacha panga lake limelazwa, makali yakitazama ukuta. Uso wake sijawahi kuutazama sawasawa. Mimi nadhani ananijua kwa khanga.

Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa bati. Sikujua amesimama kwa muda gani.

"Gwantwa," akasema, kwa sababu na yeye hanisemeshi mimi.

"Abee, Baba."

"Huyo mtu aliye humo na wewe. Mwambie ng'ombe wangu nimewafukia kwenye shimo la chokaa, mmoja mmoja, nikiwaita majina yao. Mwambie shimo jingine sina nguvu ya kulichimba. Si langu, si la mtu wa bondeni."

Gwantwa akanigeukia. "Baba anasema ng'ombe wake..."

"Nimesikia."

"Amesikia, Baba."

Mvua ilianza kugonga bati, matone machache mazito.

"Mwambie pia," alisema, "kwamba jina langu halina miiba. Nilipewa ili niitwe. Na mwambie mimi si kiziwi, asipige kelele."

Gwantwa aliziba mdomo kwa kitana.

Nikageuza uso ukutani. Nilijitanda khanga kichwani ingawa hakuweza kuniona. Neno lile lilikuwa mdomoni mwangu tangu utotoni, nikalisema maelfu ya mara nyumbani kwa mama, halafu nikaolewa nikalifungia. Nilidhani limekauka.

"Osha," nikasema.

"Sijasikia," Mratibu akasema.

"Osha!"

"Neno la kazi limepokewa. Jina la mwenye zizi la kwanza?"

Mvua ikazidi. Niliwaza kwamba labda itanifunika, kwamba labda hatasikia. Halafu nikawaza kwamba Mratibu naye hatasikia, nami nitalazimika kulirudia. Nikavuta pumzi.

"Osea."

Nje viatu vya mpira vilisogea kwenye tope. Nilingoja kusikia vikiondoka.

"Naam," baba mkwe wangu akaitika. Aliitika kama mtu aliyeitwa na mwanawe kutoka shambani, aje ale.

"Mpango umefutwa," Mratibu akasema. "Mpango unaanza upya. Ondoa. Kwangua. Osha. Suuza. Kausha. Puliza."

Huko juu mlio wa konokono ukaanza, mmoja, halafu wengi. Gwantwa alikuwa amekaa chini sakafuni. Sikuelewa kama analia au anacheka.

"Haya, njoo nikusuke," akasema baadaye. "Nywele hazina kosa."

*

Habari ilifika kila nyumba kabla yangu. Asubuhi, nilipokuwa nashuka kwenda langoni, watu walikuwa wamejipanga njiani na nguo zao za sherehe, maana walikuwa wameshazipiga pasi. Wengine waligeuza nyuso. Mwenyekiti alikohoa tu. Mama Anyisile alisimama na sufuria mkononi.

"Jogoo wangu amekufa bure," akasema.

"Samahani, mama."

Kisha akaniwekea paja la jogoo kwenye jani la mgomba, akanishikisha. "Kula basi, lisioze. Ningekuwa mimi ningeshindwa. Ndimbumi alikuwa mkali hata maiti yake niliiogopa." Akaziba mdomo. Jina lilikuwa limemtoka. Aliangalia kulia na kushoto, kama anayengoja kitu kimwangukie, na hakuna kilichoanguka.

Pazia lilikuwa zito siku ile kwa sababu ya mvua. Nyuma yake niliona kivuli cha lori, na nikasikia mitamba. Walikuwa wanalia, wageni, wamechoka kusimama. Kilima kizima kikanyamaza kuwasikiliza. Tulikuwa hatujasikia sauti ya ng'ombe tangu shimo la chokaa. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama kando ya umati, na nilimwona akiivua kofia.

Spika ikakwaruza.

"Mke wangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Bwana Mifugo ananiambia lango limegoma."

"Halijagoma," nikasema. "Ni mimi. Mazizi hayakuoshwa."

Spika ilikwaruza tu. Nilidhani waya umekatika.

"Umesemaje?"

"Hayakuoshwa. Yaliloweshwa tu. Sasa ndiyo yanaoshwa."

"Umesema..." Sauti yake iligugumia. "Baba yuko hapo?"

"Yupo."

"Na amekusikia?"

Baba mkwe akakohoa, safari hii karibu na spika. "Gwantwa," akasema, "mwambie kaka yako jana niliitwa, nikaitika."

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wamegeuza nyuso. Nyuma ya pazia Lusajo naye alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka mvua ziishe. Mpaka sakafu zikauke."

Nilisikia akivuta pumzi na kuitoa. Kivuli chake kilisogea, kikaliegemea lori.

"Basi nitawarudisha hawa," akasema. "Umefanya vema. Nakuambia, ila moyo wangu umeuma." Mtamba mmoja akalia tena. "Mvua hii nayo nimekuja bila koti. Haya. Una neno jingine?"

Nyuma yangu vigoda vilikuwa vimepangwa kama kila Jumapili. Mwenyekiti alikuwepo. Mama Anyisile alikuwepo na sufuria yake. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba, kwa mara ya kwanza, nilimtazama usoni. Alikuwa na macho ya Lusajo.

"Ninalo," nikasema.

Nikaisogelea spika, na sauti yangu ikatoka kwa nguvu pande zote mbili za pazia.

"Koti lako limeisha harufu yako. Nalilaza upande wako kila siku, lakini limeisha. Nina hamu nawe, Lusajo. Nina hamu nawe."